Nilivyotoa Misumari ya Zulia

Mi najisifia sana, njo ilinimaliza. Mama Diane, Mrundi aliyepanga nyumba ya zamani huko Lilongwe, aliniita kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nitoe misumari ya zulia kwenye sakafu ya mbao ya chumba kimoja bila kuikwaruza. Nikiweza, vyumba vyote ni kazi yangu.

Nikatandika kitambaa chini ya koleo, nikang'oa polepole. Hakuna mkwaruzo hata mmoja! Vumbi tu lilikuwa jingi. Kabla ya kufagia nikanyunyizia maji, ndoo nzima, kama tunavyofanyaka kwenye sakafu zetu za udongo kambini.

Asubuhi nikarudi kupokea sifa. Mbao zilikuwa zimeumuka kama mandazi.

"Mama, mi ni fundi wa mbao tangu kwetu Uvira, Kongo," nikajitetea.

"Na kule Uvira," akauliza, "mbao munazinyweshaka maji?"