Lugha Aliyoifuta Asylkan

Asylkan alikuwa mtunza maktaba wa kijiji kimoja cha wilaya ya At-Bashy, huko milimani kwa Wakirigizi, na kompyuta zake zilikuwa hoi. Ukiwasha moja, unakwenda kuchochea jiko, unarudi, bado inajikongoja. Alipoomba mpya wilayani akaambiwa avute subira. Akaamua kujaribu Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta.

Toleo la kwanza lilipendeza macho, lakini lilimeza kumbukumbu yote, feni ikanguruma kama trekta. La pili likagoma kushika mtandao. La tatu lilikuwa dogo, sura yake kavu, menyu moja tu pembeni, ila liliwaka upesi. Akalichukua hilo. Kwa kuwa diski zilikuwa finyu, akaanza kulipunguza: akang'oa programu za printa, maana printa hawakuwa nayo, akang'oa michezo, picha za mapambo na lundo la lugha. Akabakiza Kirusi, ambacho ndicho alichosomea kompyuta. Mashine zikawa nyepesi, naye akatembea kifua mbele.

Wa kwanza kuketi alikuwa mama mkwe wake, Sairash, aliyetaka kumwandikia mjukuu wake anayesoma mji mkuu, Bishkek. Alidonoa vitufe kwa kidole kimoja, kisha akaacha.

"Wewe Asylkan, ü iko wapi?"

"Andika u tu, mama. Ataelewa."

"Ataelewa nini? Mtoto anaitwa Külaiym. Kül, kicheko! Hapa imetoka kul, mtumwa. Nimwite mjukuu wangu mtumwa?"

"Mama nawe! Vijana wote wanaandika hivyo kwenye simu."

"Hao vijana hawakumpa jina. Nilimpa mimi."

Asylkan alikumbuka jinsi alivyokifuta Kikirigizi, lugha yao wenyewe, pamoja na lugha za watu asiowajua, bila hata kusita. Aliona haya, na hakumwambia mtu.

Akakirudisha, maandishi na kibodi yake. Diski ikalalamika kwamba imejaa, basi ikabidi kitu kingine kitoke. Akaitazama ile programu ya video, ambayo maktaba ikiwa tupu yeye huitumia kutazama tamthilia za Kituruki. Akaguna, akaifuta.

Sairash akaandika jina la mjukuu wake, akalisoma kwa sauti, akaridhika. Kisha akaendelea, mstari baada ya mstari, chai ya maziwa ikipoa kando yake. Asylkan akasogea kuchungulia.

"Hebu toka mgongoni kwangu," mama mkwe akasema bila kugeuka. "Sijafika kwenye habari zako bado."