Rabia Aliyeomba Filme Irudishwe Nyuma

Kuna watu hapa Kamalondo wanasema Rabia alimkataa bwana wake kwa sababu ya filme. Hao ni watu wa kuokota maneno sokoni na kuyaongezea chumvi. Mimi nilikuwepo, sebuleni kwangu, kwenye mkeka wangu mwenyewe, kwa hiyo mniache niseme.

Rabia ni wifi yangu, dada mdogo wa bwana wangu Amadi. Ni fundi wa kushona tangu alipokuwa msichana. Alipoolewa na Abibu, mfanyabiashara wa samaki kavu, alipelekwa Pweto na mashini yake juu ya lori, imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Mashini ile alipewa na mama yake. Miaka sita alishona nguo za nusu ya Pweto. Halafu mama akafa huku Lubumbashi, Rabia akaja kwenye matanga, na aliporudi kwake alikuta pahali pa mashini pamefagiliwa. Abibu alikuwa ameiuza. Hakumuuliza, hakumpa habari. Alisema tu kwamba mke wa mfanyabiashara hana haja ya kushona nguo za watu. Rabia hakulala pale hata usiku mmoja. Alikuja kwetu na nguo alizovaa, na bobini moja ya chuma, ile ya kuzungushia uzi wa mashini, aliyoiokota chini ya kitanda.

Sasa nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Sema wewe. Rabia akalala na binti yangu Amida katika chumba nilimotaka kuweka biashara yangu ya vitenge, na mimi nikanyamaza, lakini moyoni sikunyamaza. Mchana alikwenda kushonea kwa jirani, mama Agnès, Mkatoliki wa kaskazini. Kwenye kadi ya chama tawala mama huyo aliandikwa Kapya, kwa sababu serikali ilikataza majina ya ubatizo, lakini uani kwetu hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa na mashini na moyo mwema, akamwazima Rabia vyote viwili.

Videyo ilikuwa ya Amadi. Aliinunua Zambia, akaipitisha mpakani Kasumbalesa, na tangu siku hiyo akajiona mkubwa wa avenyi nzima, mtaa wote. Kaseti zililetwa na rafiki yake Mulenga, dereva wa lori. Jumapili mchana tunaangalia, kabla ya jua kuzama Mulenga anaondoka nazo. Zilikuwa filme za Wahindi, na hakuna kati yetu aliyeelewa neno hata moja. Ndiyo maana Amadi aliweka desturi: filme ikiisha, kila mtu anasema alichokiona, mmoja mmoja, na yeye mwenye nyumba anafunga neno. Akishafunga, hakuna wa kuongeza. Alijifunza kwenye mikutano ya chama, ambako mmoja anasema na wengine wanapiga makofi. Na sisi alitaka tupige makofi. Mimi nilimwambia mikono yangu iko na unga.

Wengine tulisimulia machozi na ngumi. Rabia aliangalia filme kama fundi.

"Mi niliona koti ya ule muntu mubaya," alisema siku moja. "Pa mulango iko na bifungo bitatu, pa motokari iko na bine."

Tulicheka mpaka mama Agnès akashika mbavu. Mulenga akairudisha kaseti nyuma ili amwaibishe, tukahesabu. Vitatu, kisha vinne. Kicheko kikaisha.

Basi Jumapili moja ya masika Mulenga akaleta filme ya mwanamke aliyetoka kwa bwana wake na kifurushi kimoja. Aliteseka sana huko alikokwenda, na kila akiteseka anaimba. Mwishoni akafika tena kwenye geti la bwana wake, mvua inamnyeshea, akaweka mkono kwenye komeo. Umeme ukakatika.

Tulingoja. Mulenga akatazama saa, akasema lori haliwezi kumngoja, akafungua kifuniko cha videyo kwa mkono, akatoa kaseti. Amadi hakutaka desturi yake ipotee, akasema tutoe maoni hivyo hivyo, mwanamke ataingia au hataingia.

"Ataingia," alisema mama Agnès. "Atakwenda wapi na hii mvua?"

"Ataingia," alisema Mulenga.

"Ataingia," nikasema na mimi. Sitawadanganya: nilikuwa ninafikiria chumba changu.

Rabia alikata uzi kwa meno. "Kintu sijaona, siwezi kusema."

Amadi akafunga neno. "Ataingia. Bibi mwenye akili anarudia kwake." Hakuwa anatazama televizyo iliyozimika. Alikuwa anamtazama dada yake, na sote tukajua kwamba hasemi habari ya Wahindi.

Jumatano kikapu kikafika kutoka kwa Abibu. Samaki kavu wa Pweto, wazuri, wamefungwa kwa kamba mpya. Kwetu kikapu cha namna hiyo ni swali. Ndugu wa mke wakila, kinarudi tupu, na mke anarudishwa. Wasipokula, kinarudi kama kilivyokuja. Mjomba wa Abibu angekuja kukichukua Jumapili alasiri.

"Pika," aliniambia Amadi.

Nilisema makala ya kupikia yameloa. Alhamisi nilisema kichwa kinaniuma, na Ijumaa na Jumamosi nilipika maharagwe kwa makusudi. Sababu yenyewe ni hii. Siku ya kwanza nilikuwa tayari kupika, wallahi, nimeshika kisu cha kukatia kamba. Nikapita mlangoni kwa Amida nikamwona Rabia amekaa kitandani, anaipaka ile bobini mafuta kwa kitambaa.

"Unapaka mafuta kintu haina mashini?" nikamwuliza.

"Siku itapata mashini, isikuwe na kutu," akanijibu, akaendelea.

Nilirudisha kisu mahali pake. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu, na hasira yangu yote ikamhamia Amadi.

Jumapili Mulenga akarudi na kaseti ile ile. Amadi ndiye aliyemtuma. Umeme ulikuwepo. Tukaangalia kuanzia mwanzo, nyimbo zote, mateso yote, mpaka getini. Yule mwanamke akafungua komeo. Bwana wake akatoka amezeeka kidogo, akasogea pembeni ampishe, na mwanamke akaingia. Muziki.

Amadi akasimama akajipigia makofi mwenyewe. Hakungoja mtu aseme.

"Aliingia. Munaona? Neno imefungwa. Mama Amida, tia samaki pa moto, mujomba iko njiani."

"Mi sijasema," akasema Rabia.

"Imefungwa."

"Basi mi ninafungula." Akaweka kitambaa chini. "Mulenga, rudisha nyuma."

Mulenga akamtazama Amadi. Nafikiri akakumbuka vile vifungo, kwa sababu alibonyeza. Watu wakatembea kinyumenyume, mvua ikapanda mbinguni.

"Simamisha."

Picha ikasimama, inatetemeka. Rabia akaenda akaweka kidole kwenye kioo, si juu ya mwanamke, si juu ya bwana, bali nyuma yao, ndani ya nyumba.

"Muangalie. Ile kinanda ya bibi, ya kupigia nyimbo pa mwanzo. Aliiacha juu ya kiti chekundu. Leo iko wapi?"

Tukaangalia. Ilikuwa juu ya kiti chekundu, haina vumbi, imewekewa maua mabichi.

"Hakuiuza," akasema Rabia. "Miaka yote ile iko palepale. Bibi aliingia sababu pahali pa kuingia palikuwa. Kwangu mi, pa kuingia hapako, yaya, kaka yangu. Abibu alipafagia."

Mama Agnès akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeona shimo katika nguo aliyoifua mara kumi.

Amadi akadhani amempata. "Na kama Abibu angeichunga mashini?"

"Hata angeichunga, singerudi," akasema Rabia. "Alisema sina haja ya kushona. Muntu wa kuniambia vile, siwezi kukaa naye. Uniue kwanza, halafu unipeleke Pweto."

Kabla Amadi hajajibu, hodi ikasikika. Mjomba wa Abibu, mzee mnene wa kofia ya kufuma, akaingia, akasalimia, akaketi. Amadi alijua samaki wako jikoni, hawajaliwa. Akaniinamia sikioni. "Mwaga samaki, leta kikapu tupu."

Nilikwenda jikoni. Miaka kumi na minane nimekaa na mtu yule, nimemtii katika mengi, na katika mengine nimejifanya kumtii. Kikapu kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari. Nilikitungua, nikakiweka kichwani, kikiwa na kamba yake ya Pweto ambayo haikuguswa, nikakitua mbele ya miguu ya mzee. Kilitua kwa kishindo.

Mzee akakitazama, akamtazama Amadi. "Hamukukula?"

"Hatukukula, muzee," akajibu Rabia kutoka kwenye kiti chake. "Na mashini yangu, ulikuja nayo?"

Mzee akatazama mikono yake. Maskini, hakuiuza yeye. Akakaa kidogo kwa heshima, akaomba maji, akayanywa, kisha akabeba kikapu chake akatoka.

Amadi akasimama katikati ya sebule, akakohoa, akafungua mdomo afunge neno. Hapo ndipo nilipopiga makofi, nimemgeukia Rabia. Siku hiyo mikono yangu haikuwa na unga.