Ukuta Uliotoa Chumvi

Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi mbichi ya ukutani, mate hunijaa mdomoni. Wenzangu humezea mate nyama ya kuchoma. Mimi ni rangi ya maji, tena ile ya bei ya chini. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Bwera alikuwa anapaka saluni yake. Nikapita mlangoni, na ulimi ukakumbuka kabla ya kichwa. Nawaambia ninyi kwa sababu watu wa hapa watanicheka: nilipokuwa na miaka minane nililamba ukuta wa nyumba ya watu karibu likizo nzima.

Tulikuwa tunaishi Kasese. Baba alitoka Kenya ya magharibi kuja kufanya kazi ya saruji. Kazi ikaisha, akabaki na mwiko na brashi. Mama alikuwa mtu wa Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, na kwa kuwa huku Kiswahili ni lugha ya jeshi, majirani wakatuita familia ya askari ingawa hatukuwa na askari hata mmoja. Kisha mama akarudi Katwe kuvuna chumvi kwenye vidimbwi vya mama yake. Mwanzoni alikuja kila baada ya Jumapili moja. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka, na aliponivua sweta niliilamba mikono hiyo kwa siri kwenye vifundo. Ilikuwa chumvi yenye uchungu kidogo kwa nyuma, uchungu ambao chumvi ya dukani haina. Halafu Jumapili zikaanza kuruka. Halafu tukasikia ana nyumba nyingine huko, na mtu mwingine.

Mimi nina jina la mama yake baba, kwa hiyo tangu nizaliwe baba alikuwa akiniita "mama", na sasa neno hilo likabaki langu peke yangu. Watoto wa mtaa wetu walicheza kwa Lhukonzo, lugha ya wenyeji. Nilikuwa naielewa, lakini walisema naiongea kama redio mbovu, nikazoea kunyamaza.

Likizo hiyo baba alipata kazi kubwa. Karibu na reli iliyokufa kulikuwa na nyumba ya zamani iliyojengwa na mfanyabiashara wa Kihindi enzi za treni, ya kuta nene za mawe, baraza yenye nguzo, na milango mizito iliyolia kila ilipofunguliwa. Mwenye nyumba mpya alikuwa mama mmoja aliyerudi kutoka Kampala, ambaye sote tulimwita Madamu. Alitaka nje ibaki ya kale na ndani iwe ya kisasa. Alikuja na picha alizokata kwenye magazeti: dari ya jipsamu yenye taa zilizojificha, taili za kung'aa, na sebuleni ukuta mmoja mkubwa wa rangi ya majivu. Baba alizitazama kwa heshima. Njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Mama, watu wananunua majivu. Kwetu ile tunamwaga." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumsikia tena akifanya mzaha kwa muda mrefu.

Kwa kuwa hakukuwa na wa kunilea, alinichukua kazini kila siku. "Kaa hapo kwa kivuli, usishike kitu," aliniambia. Asubuhi alipanda ngazi peke yake kabla msaidizi wake hajafika, na kila mara alinionya nisitazame juu, vumbi litaniingia machoni. Nilitazama sakafu. Niliwajua siafu wa nyumba ile kuliko nilivyowajua watoto wa darasa langu.

Siku ya tatu niliona ukuta wa sebule, chini ya dirisha, umeota manyoya meupe membamba kama ukungu wa mkate. Nikagusa, nikaweka kidole mdomoni. Ilikuwa mikono ya mama, chumvi kwanza, kisha ule uchungu. Baadaye nilikuja kujua kwamba sebule ile zamani ilikuwa stoo, na Mhindi alijaza humo chumvi ya Katwe ikingojea treni, miaka na miaka, mpaka mawe yakanywa. Siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nimempata. Nikapiga magoti, nikalamba.

Kila asubuhi manyoya yaliota upya, nami nikala kifungua kinywa changu mahali pale pale.

Kisha baba akapaka ile rangi ya majivu. Baada ya siku nne ikavimba, ikatoa malengelenge, ikaanguka vipande. Akakwangua, akapaka tena. Ikaanguka tena. Msaidizi wake, Papa Kambale, mzee wa kutoka Kasindi ng'ambo ya mpaka, alishuka ngazi akafanya ishara ya msalaba.

"Patro, mu hii ukuta muko batu. Banalia."

"Hakuna watu, wala anayelia," baba akajibu. "Leta brashi."

Madamu hakuamini mizimu. "Fundi, unatia maji kiasi gani kwa rangi yangu? Rangi nilinunua nzuri. Ingine unapeleka wapi?"

"Sijapeleka mahali, Madamu."

"Basi kwa nini inaanguka?"

Baba alitazama ukuta, akaanza kukwangua tena. Nami nilikuwa nimesimama palepale, jibu likiwa kwenye ulimi wangu, wala sisemi kwa mafumbo. Lakini ningesema ni chumvi, wangebomoa plasta yote mpaka kwenye mawe, na mimi ningebaki na nini? Tena niliona aibu, maana mtoto anayelamba ukuta husemwa ana minyoo. Jioni moja baba aliacha kukwangua, akageuka.

"Mama, uko na neno?"

"Hapana, baba."

Akarudi kwenye kazi yake. Mwalimu wetu alipenda kusema mficha uchi hazai. Mimi nilidhani ni habari ya kuoga.

Rangi ilipoanguka mara ya tatu, Madamu alimfukuza baba mbele ya mafundi wa taili, akamwita mwizi wa rangi. Kasese ni mji mdogo. Fundi akishapewa jina hilo, hata choo hapewi kupaka. Tulirudi kwa miguu, baba ngazi begani, mimi nyuma nimeshika mguu wa ngazi. Baada ya wiki tulirudi kuchukua brashi zake, tukakuta fundi mwingine amebandua plasta yote. Nilificha kipande kimoja mfukoni. Kiliisha kabla shule hazijafunguliwa.

Tukahamia Bwera, ambako jina la baba lilikuwa bado safi. Miaka yote hiyo niliamini kwamba mimi ndiye niliyelichafua, na kila alipotulia mezani bila kusema nilidhani ananisema mimi moyoni. Nikawa namjibu kwa kifupi. Naye akawa ananijibu kwa kifupi.

Mwaka jana nilikuwa najenga jiko, nikaletewa lori la mchanga kutoka Kahendero. Baba, mvi tupu sasa, aliinama, akachukua punje chache, akaziweka ulimini, akatema.

"Hii iko sawa."

"Baba, unaonja mchanga?"

"Fundi gani haionji? Ikiwa na chumvi, rangi haishiki."

"Sasa ule ukuta wa Madamu?"

Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Nilijua siku ya kwanza."

"Na hukusema? Alikuita mwizi!"

"Niliona alama ya ulimi yako pale chini ya dirisha. Nikasema, wacha mtoto imalize likizo." Alitazama mchanga, si mimi. "Yako ilikuwa chini, mama. Yangu ilikuwa juu. Wewe haungefika."

Nililia palepale, mtu mzima, mbele ya vijana wa lori. Nilikumbuka zile asubuhi, baba juu ya ngazi, ulimi ukutani kama wangu, mimi chini nimeinamisha kichwa kama nilivyoambiwa. Nilikuwa mtoto mtiifu. Kama ningetazama juu hata mara moja, tungekuwa wawili.