Mama Sufuri na Nusu Nyuzi ya Baridi

Saa tatu asubuhi, Mama Sufuri ameganda mbele ya kompyuta, chai yake imepoa. Pembeni linanguruma jokofu dogo la chanjo. Kipimajoto alichokitumbukiza ndani kinasema nusu nyuzijoto chini ya sufuri. Kioo cha namba cha jokofu kinasema sufuri, na kengele imenyamaza tuli.

"Linanidanganya mchana kweupe," anajisemea.

Kazi yake katika kiwanda hiki cha majokofu ni kuandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Chipu ya jokofu ni ya bei rahisi, desimali haizijui. Namba ya joto huifikia ikiwa imefungwa ndani ya biti thelathini na mbili, kila biti ikiwa ni sufuri au moja: ya kwanza inasema ni chanya au hasi, nane zinaonyesha nukta ikae wapi, zilizobaki ni tarakimu. Yeye huzifungua na kuzisogeza mwenyewe mpaka apate namba nzima.

"Halafu kuna ile tarakimu '1' ya mbele, haiandikwi kabisa, lazima uirudishe," anacheka peke yake. "Nilipoanza niliisahau, nyuzi nne zikasomeka sufuri. Wenzangu wakanibatiza Mama Sufuri."

Safari hii ile '1' ya mbele ipo. Kosa liko kwenye kusogeza: biti za nusu zinadondoka, inabaki sufuri, na sufuri hata ukiiwekea alama ya kutoa ni sufuri tu. Kengele, iliyoagizwa ilie chini ya sufuri, haina habari.

Bosi anachungulia mlangoni. "Mama, nusu nyuzi tu hiyo! Gari linasubiri."

"Lisubiri, bosi. Maji yakimwagika hayazoleki, na chanjo ikiganda ndiyo hivyo hivyo, haifai tena hata ikiyeyuka."

Bosi anaguna, lakini haondoki. Anajua kwamba jokofu hili linakwenda kwenye zahanati anakofanya kazi mdogo wake Mama Sufuri, muuguzi. Hata muuguzi huyo asingekuwepo, mwanamke huyu asingeng'oka.

Anaandika mistari miwili: kabla ya kuzitupa biti, zikaguliwe; ikipatikana '1' yoyote kati yake, na namba ni hasi, jibu lipunguzwe moja. Anaipakia programu upya. Kioo kinaruka hadi hasi moja, kengele inapiga ukelele, bosi anaziba masikio.

"Mwambie dereva azime injini," Mama Sufuri anasema, huku akivuta jokofu la pili. Amekusudia kuyapima yote, moja baada ya jingine, kabla halijapakiwa garini hata moja.

"Mtoto akichomwa sindano lazima alie," anasema. "Basi asilie bure."