Dakika Tatu Zilizotaka Kumnyoa Bibi Aurelia

Saa tisa alasiri, jua la Ifakara likiwa bado linachoma utosi, Konsolata Ngwali anatengeneza usiku. Anashusha turubai kwenye dirisha la kwanza, anashusha kwenye la pili, kisha anaziba tundu la ukutani kwa kitambaa. Nje kuku wanaparua. Ndani ya banda lake la video, hapa Kibaoni, giza limeingia na watu wanagombania mabenchi.

"Sogeleaneni! Mwenye makalio mapana akae ukutani, asiwaonee wenzake," anaagiza, na yeye mwenyewe anakwenda kukaa ukutani.

Watu wanacheka. Konsolata hacheki. Mkanda umemponyoka mara mbili kabla haujafika kwenye deki, na alipoutia aliutia kinyumenyume, deki ikautema.

Barazani, juu ya kigoda, ameketi Bibi Aurelia Libenanga, mjane aliyepita miaka sabini. Amekataa kuingia. Anasubiri watu watoke aone watamtazama vipi. Mkanda wa leo usipogeuza mioyo, kesho baada ya misa majirani watampakia kwenye gari na kumpeleka kunyolewa.

Katika bonde hili la Kilombero, anayeshukiwa uchawi hupelekwa kwa mganga, akanyolewa nywele zote na kunyweshwa dawa ili uchawi umtoke. Wapo wanaokwenda kwa hiari yao, wakarudi wakisema wamepumua.

"Lakini anayepelekwa kwa kusukumwa ni jambo lingine," anasema Konsolata. "Nywele zitaota. Jina halioti."

Konsolata ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa upande wa Mahenge, akaja Ifakara na mume aliyefuata mashamba ya mpunga. Mume alipofariki mwaka 1991, aliuza mavuno yote, akanunua televisheni, deki na jenereta. Ndugu wa mume walisema kichaa kimempanda. Alijibu kwamba kichaa chenye kiingilio cha shilingi hamsini si kibaya sana.

Kazi yenyewe ni ya msimu. Mvua zikianza, nusu ya mji huhamia mashambani kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na banda hubaki na popo. Mavuno yakishaingia ndani ndipo watu hukumbuka kwamba wana macho.

Ana namna yake ya kufanya kazi, ambayo wageni huishangaa. Mkanda ukianza, yeye huipa televisheni mgongo.

"Miaka mitano naonyesha sinema, sijaona hata moja ikaisha," anasema. "Mimi natazama watu. Tena nasikiliza karanga. Wakitafuna, sinema imewachosha. Karanga zikinyamaza, hapo nakwambia kuna mtu karibu kufa."

Ndiyo sababu mwezi Agosti mwaka huu wa 1996 alifuatwa na Teddy Mkopi, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Teddy na wenzake wa klabu ya sanaa walikuwa wametengeneza mwanzo wa filamu, dakika tatu tu. Mwalimu wao aliwapa sharti: kabla hajatoa alama, wauonyeshe kwa watu wasiowajua, kisha wamletee habari ya walichokiona kwenye nyuso za hao watu.

"Tulitaka filamu inayotisha akili, isiyotisha macho," anaeleza Teddy. "Damu isiwepo. Mtu aogope kitu ambacho hajakiona."

Kamera waliazima kwa Nazari, mpiga picha za harusi. "Kamera ya Nazari imezoea maharusi," anasema Teddy. "Ukiiachia inatafuta keki yenyewe."

Mkanda wao wa kwanza ulionyesha mlango, nao ukapigwa kutokea uani. Hakuna muziki. Mtu asiyeonekana anatembea juu ya pumba za mpunga, taratibu, *kwaru*, *kwaru*, akiuendea mlango. Anasimama. Mlango unafunguka kidogo, wala hakuna aliyeusukuma. Mkono mweupe unatoka gizani na kumwita kwa kidole kimoja. Basi, unakatika.

Ule mkono ulikuwa wa Teddy, ameupaka unga wa mchele ili uonekane kama wa maiti.

Mkanda ulipoonyeshwa bandani, Konsolata akiwa ameipa televisheni mgongo, alisikia karanga zikinyamaza. Teddy, aliyekuwa amesimama pembeni, alitaka kupiga makofi. Konsolata alimshika mkono.

"Sikuzipenda zile nyuso," anakumbuka. "Mtu akiogopa sinema huitazama sinema. Wale walikuwa wanatazamana."

Kilichotokea ni hiki. Ule mlango una kiraka cha bati la kopo la mafuta ya kula, maandishi yamekaa kichwa chini miguu juu. Kibaoni nzima hakuna mwingine kama huo, na hakuna asiyeujua. Ni mlango wa Bibi Aurelia. Vijana waliuchagua kwa sababu ulipendeza kwenye kamera. Walisahau kwamba watazamaji wao ni majirani zake. Na walisahau jingine kubwa zaidi: kwa watu wa huku, unga mlangoni si kitu cha mchezo. Unga humwagwa wakati wa tambiko, kuwaita waliokufa.

"Kumbe!" ilisikika sauti ya mwanamke gizani.

"Niliwaambia mimi," mwingine alidakia. "Mtoto wa Obed aliumwa tumbo baada ya kupita pale."

"Na yule ndama wa Mabula?"

Mabula mwenyewe alikuwepo. Ni Msukuma, mfugaji aliyehamia bonde hili na ng'ombe wake, mtu mrefu anayekaa benchi la nyuma ili asilaumiwe. Alisimama.

"Ndama wangu aliliwa na mamba, na mnajua," alisema. "Mama Konsolata, zima hiyo kitu."

"Imeshaisha, baba."

"Basi washa taa. Kwetu lilianza hivi hivi, watu wamekaa wanazungumza. Aliyesema ‘kumbe' wa kwanza alikuwa shangazi yangu. Bibi wa watu hakuiona wiki ya pili."

Taa ziliwashwa. Watu walitoka kimya, na kimya hicho kilikwenda moja kwa moja hadi kwa Bibi Aurelia.

Kesho yake kisimani, wanawake walimpisha Bibi Aurelia achote wa kwanza, kisha wakamwaga maji waliyokwisha kuchota na kuosha ndoo upya. Watoto waliacha kukata njia ya uani kwake. Usiku jiwe lilianguka juu ya paa. Wakubwa kwa wadogo waliacha kumwamkia, na kwa mzee wa huku kukosa shikamoo ni kama kufukiwa ungali ukipumua.

"Mimi nilidhani nimenuka," anasema Bibi Aurelia. "Nikaoga mara tatu kwa siku. Ningemaliza mto."

Aliulizwa kama aliwaruhusu vijana kupiga picha mlango wake.

"Niliwaruhusu. Wamekuja na mashine, wanaupima mlango kwa macho, nikajua ni mradi. Nikasema Mungu si Athumani, sasa nagawiwa mlango mpya."

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Yunis Kapungu, ndiye aliyeanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya mchele wa kumpelekea mganga. Kila nyumba kisado kimoja. Yunis si mtu mbaya, na anayemjua atakuapia. Ana mtoto aliyeugua degedege mara mbili mwaka huu, na mtu aliyelala macho juu ya mtoto hupokea jibu lolote analoletewa.

"Nilikuwa namsaidia," Yunis alimwambia Konsolata. "Akinyolewa, tutakaa naye vizuri."

"Ulimuuliza yeye kama anataka kusaidiwa?"

"Mchawi anaulizwa?"

Konsolata alitaka kuuchoma ule mkanda mbele ya watu. Teddy alimkatalia. Alimwambia ukiuchoma watasema umechoma ushahidi. Wakagombana hapo uani, mtu mzima na mwanafunzi, mpaka jenereta likaonekana pole.

Siku iliyofuata Teddy alikwenda kwa Bibi Aurelia kumwomba radhi. Alikanyaga pumba za uani, na kabla hajapiga hodi alisikia ndani kitu kizito kikiburuzwa. Lilikuwa kinu. Bibi kizee alikuwa anakisukuma kuziba mlango.

"Nilisimama pale," anasema Teddy, na sauti yake inapungua. "Ile miguu ya kwenye filamu yetu sasa ilikuwa yangu. Anayetisha alikuwa nje."

Alirudi kwa Konsolata mbio. Alitaka kupiga mwanzo upya, kamera iwe ndani, na Bibi Aurelia mwenyewe aonekane uso.

"Umerukwa na akili?" Konsolata alifoka. "Mlango tu umetaka kumwua, sasa unampeleka na sura?"

"Mlango wake wanaujua, mama. Hofu yake hawaijui."

"Na wakicheka je? Wakisema mchawi kapata sinema?"

Walipeleka shauri kwa mwenyewe. Bibi Aurelia aliwasikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga upya.

"Nipigeni," alisema. "Wameshanitazama bila kuniona. Wacha wanione kwa kiingilio."

Ndivyo ilivyofika Jumamosi hii. Konsolata amewaita watu wale wale, bila kiingilio, kwa ahadi kwamba baada ya dakika tatu za wanafunzi ataonyesha mkanda wa ngumi. Yunis amekaa benchi la mbele, mtoto wake amelala mgongoni. Mabula yuko nyuma, amevua kofia.

Deki inaumeza mkanda. Konsolata anageuka, televisheni mgongoni, nyuso mbele.

Hauoni uso wa Bibi Aurelia kwenye kioo, ila anaujua mkanda kwa sauti zake. Pumba zinakanyagwa na miguu: *kwaru*, *kwaru*. Kicheko kidogo nje, cha watu wanaozibana midomo. Jiwe juu ya bati. Kinu kinaburuzwa. Mwanga wa kibatari cha mkandani unawachezea watazamaji mashavuni, nao hawatazamani. Wote wamekazia kioo macho. Karanga zimenyamaza.

Kisha sauti tamu, ya kirafiki kabisa, inatoka nje ya mlango: "Hodi, bibi."

Katika mji huu hakuna asiyejibu hodi. Watu wawili kwenye benchi la tatu wanafumbua midomo kumjibia. Kwenye kioo Bibi Aurelia anafumbua wake pia, aseme karibu, kama alivyosema maisha yake yote. Neno halitoki. Mdomo unabaki wazi. Giza.

Mtoto wa Yunis anajigeuza mgongoni kwa mama yake.

"Nani huyo aliyekuwa nje?" anauliza mtu.

"Unaniuliza mimi?" Mabula anajibu. "Si ulikuwepo juzi."

Yunis anainuka, hasubiri ngumi. Anaelekea nje, na kwa kuwa yeye katoka, wengine wanamfuata. Mlangoni anasimama ghafla, msongamano unamgota mgongoni. Mbele yake ni kigoda, na juu ya kigoda ni Bibi Aurelia, anatazama vidole vya miguu yake.

Konsolata amebaki ndani, nyuma ya wote. Miaka mitano amezoea nyuso. Sasa anaona visogo tu. Anatamani kuvisukuma pembeni. Hawezi. Anasubiri, na kusubiri huko, atasema baadaye, kulimkondesha kuliko mfungo.

"Shikamoo, bibi," inasikika sauti ya Yunis, nyembamba.

"Marahaba, mwanangu," anaitikia Bibi Aurelia. "Nilidhani umepoteza sauti. Mtoto hajambo?"

"Hajambo kidogo." Yunis anakaza mbeleko. "Kesho nitarudisha mchele wa watu."

Anashuka ngazi, anakwenda zake upesi. Nyuma yake shikamoo zinafuatana, nyingine za kweli, nyingine za aibu. Watu wa nyumba mbili za kona wanapita wametazama pembeni. Konsolata amewaona, na ameshafunga mkeka wake: atalala kwa Bibi Aurelia mpaka hali itulie.

Teddy anamfuata na kalamu. "Mama, mwalimu anataka tathmini. Upi umetisha zaidi?"

Konsolata anafikiri, akizungusha waya wa televisheni mkononi.

"Wa kwanza ulitutisha, ukatupa mtu wa kumchukia, tukaenda naye nyumbani. Huu wa leo umetutisha, ukatunyima. Kila mtu amekwenda kujitafuta mwenyewe. Hapo kwenye jiwe mmechelewa kidogo, watu walipata nafasi ya kupumua. Alama atoe mwalimu, yeye ndiye anayelipwa."

Nia yake sasa ni filamu ikamilike kabla mvua hazijaharibu barabara, naye apakie televisheni na jenereta kwenye gari, aionyeshe Sanje na Kisawasawa, kwenye vijiji ambako nako kuna bibi anayelala nyuma ya kinu. Nazari amekubali kuendelea kuazimisha kamera. Nje ya mlango atakuwa nani, Teddy bado hajaamua.

Bibi Aurelia naye amekubali kuendelea kuigiza, kwa sharti moja.

"Mniambie mapema ni nani anayepiga hodi," anasema, akijikung'uta vumbi na kuinuka kwenye kigoda. "Akiwa mbaya, nikajiandae. Akiwa kijana mwenye sura nzuri, nikasuke."