Cheti Chake Kilikuwa Safi, Lakini Polisi Wakamwita Mdogo Wangu

Admin, ukiiweka hii ondoa jina langu na usitaje kanisa, kwa sababu Birmingham yetu ni ndogo. Nina miaka arobaini na mmoja, ni Mkenya, ninaishi Small Heath, na ni msimamizi wa zamu katika makao ya wazee. Ninayeandika habari zake ni mdogo wangu, miaka ishirini na tisa. Nitamwita Neema.

Neema alikuja kwa viza ya kazi ya kutunza wazee. Kampuni iliyomleta ikanyang'anywa kibali cha kuajiri wageni, akabaki na muda mfupi wa kutafuta mwajiri mwingine. Aliomba kila mahali, hakupata. Ni katika kipindi hicho alipochumbiwa na mwanamume wa kanisani, Mkongo aliyekulia hapa, mwenye pasi ya Uingereza. Nitamwita Daudi. Ana sauti ya chini na hupanga viti baada ya ibada. Sikuwa na neno naye.

Neno lilitoka saluni, Stratford Road. Msusi wangu, naye Mkongo, aliposikia ninaandaa posa aliweka kitana chini, akasema, "Dada, bibi yake ya kwanza alitoka mu ile nyumba na mtoto kwa mgongo, bila viatu. Muulize kwanza." Nilipomdadisi akasema hakuona kwa macho, amesikia tu.

Posa ilifanyika sebuleni kwangu. Niliuliza mbele ya wote kama Daudi amewahi kuwa na kesi. Baba yake mdogo hakukasirika, alikuwa amejiandaa. Akatoa cheti cha rekodi ya uhalifu ambacho Daudi aliombwa kazini kwake, kwenye ghala, kikapita mkono kwa mkono. "Muangalie benyewe! Mtoto yetu iko safi kama maji ya chupa." Shangazi mmoja wa kanisa, aliyesimama badala ya mama yetu, akapiga makofi. "Nyumbani tungetuma watu wakaulize majirani wiki nzima. Hapa tumeletewa karatasi, hata nauli hatujatoa!" Watu wakacheka. Neema naye akacheka, huku akinitazama.

Cheti kilikuwa halali, ila kilikuwa cha daraja la chini kabisa. Hicho huonyesha hukumu ambazo muda wake wa kuonyeshwa kisheria haujapita, basi. Hakionyeshi hukumu ya zamani iliyokwisha muda, wala mara ngapi polisi waliitwa nyumbani, wala malalamiko ambayo mke aliyaondoa kabla hayajafika mahakamani. Na nchi hii huendi tu kuomba rekodi ya mtu mwingine, unaomba yako. Ipo njia moja: ukihofia usalama wa ndugu yako kwa mpenzi wake, una haki ya kuwauliza polisi kama wanajua lolote kuhusu ukatili wake. Nikatuma ombi mtandaoni. Askari wa kike akaja kunihoji, akanieleza mapema: "Tusipokuwa na la kusema, nitakujulisha wewe. Tukiwa nalo, ataambiwa mdogo wako, na wewe hutaambiwa."

Mimi sikupigiwa simu. Neema alipigiwa.

Nilimpeleka kituoni, nikamsubiri ndani ya gari. Alipotoka alifunga mkanda kwanza, ndipo akasema, "Hakuna kitu, dada. Wamesema hakuna kitu."

Nikamwambia polisi hawamwiti mtu chumbani ili wamwambie hakuna kitu. Akasema ametia saini kwamba hatamwambia mtu yeyote, kwa hiyo nisimuulize. Nikamuuliza, ni yapi hayo asiyotakiwa kuyasema? Tulikuwa tumeshafika Sparkbrook aliponijibu.

"Watu hubadilika."

"Neema, ahirisha."

"Niahirishe hadi lini? Wewe una makaratasi. Mimi nikitoka kwa Daudi ninapanda ndege. Na shamba mama aliliuza nije huku. Nirudi nikalime wapi, kwenye kikombe?"

"Njoo ukae kwangu."

"Kwako ni nyumba, dada. Si viza."

Nilikwenda kwa mshauri wa mambo ya uhamiaji nikitumaini kwamba Neema amekosea. Hakukosea. Nilizungumza na mchungaji bila kutaja polisi, akasema dada mkubwa ambaye hajaolewa achunge ulimi wake. Mama, kwa simu, ameniambia ninachoma bahati ya mtoto. Sina cha kumwonyesha yeyote kati yao, kwa sababu mimi mwenyewe sijaambiwa lolote.

Harusi ni Jumamosi hii. Neema ameniomba niwe shahidi wake wa kutia saini mbele ya msajili. Nikikataa, yule shangazi wa kanisa atasaini na ndoa itafungwa vilevile, ila Neema hatanisamehe, na siku akihitaji kutoka hatakuwa na mtu wa kumpigia. Nikisaini, nitakuwa nimemkabidhi kwa mkono wangu.

Msiniambie niombe, ninaomba. Msiniambie nirudi polisi, wao wamemaliza sehemu yao. Anayejua ukweli ni yeye, naye ameamua. Mnijibu hili moja tu, hasa ninyi wenye wadogo: ingekuwa ni wako, ungeishika kalamu hiyo?