Matrida na Nyuzi za Tisa

Matrida Nyamburi anauza nyuzi za nyavu Musoma, karibu na mwalo ambako mitumbwi inashusha samaki, na kwa habari ya uzi usitafute mtu wa kumzidi. Mfunge macho kwa kitenge, mwekee uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, atakutajia namba yake, atakwambia ni wa sangara au wa sato, na kama ulishaanikwa juani atakwambia vilevile, halafu atakusema kwa kumpotezea muda. Wavuvi wanaovuka kutoka kisiwa cha Rukuba kuja kununua wanamwita Mama Nyavu. Kanisani ni Mama Eunice, na huko ndiye mpiga solo wa kwaya, mwaka wa ishirini na mbili huu, mwanamke mmoja kati ya wanaume wanne ambao kila mmoja anajiona yeye ndiye aliyevumbua gitaa.

Gitaa alilokuwa akilipiga lilikuwa la kwaya, kongwe, limeungwaungwa hata hujui kipi lilizaliwa nacho. Uzi ukikatika waliweka wowote uliopatikana. Kuna kipindi uzi wa kwanza ulikuwa waya uliochambuliwa kwenye kebo ya breki ya baiskeli, na watu walimsifu Mungu nao vizuri tu.

Shida ilikuwa kidole, kile cha pete, mkono wa kushoto. Zamani akiwa Rukuba kupeleka mzigo, akisaidia kuvuta, kamba ya ndoana ilimzungukia kidole wakati sangara mkubwa anageuka, ikakata mpaka kwenye mshipa. Kidole kikapona, lakini kikapona kigumu kama kijiti, na Matrida alipovuka hamsini kikaanza kukataa kazi. Kwenye nyimbo nyingi alikificha. Kwenye wimbo mmoja, wa mchungaji wa ng'ombe, hakikufichika.

Wimbo huo aliutunga mwalimu wa kwaya, Nathanieli. Ukifika katikati waimbaji wote wananyamaza, ngoma inanyamaza, gitaa linabaki peke yake kuita ng'ombe. Unabonyeza uzi mmoja halafu unausukuma kwa upande, sauti inapanda polepole kama mtu anayeita mifugo kutoka ng'ambo ya bonde. Kazi hiyo ni ya kidole cha pete, vile vingine vina kazi yao. Na sasa kwaya ilikuwa imealikwa Butiama kwenye tamasha, kwa watu waliokua wakitembea nyuma ya ng'ombe. Sauti ikiishia njiani, wale hawakupigii makofi ya kukuonea huruma.

Nathanieli alimwambia baada ya ibada, kwa upole wake ule unaoudhi. "Mama Eunice, mimi sikufukuzi. Lakini Butiama ndiyo itaamua. Ukiikosa ile sehemu mbele ya watu, solo nitampa Gibson wa ridhimu, na wewe upumzike."

"Nitapumzika nikifa, mwalimu."

"Basi ipige ile sehemu."

Habari ilimfikia binti yake, Eunice, anayefundisha shule Bunda. Aliagiza gitaa jipya la umeme kutoka Mwanza, likashushwa Bunda kwa fundi mmoja wa redio na amplifaya aitwaye Keraryo, ndipo akampigia mama yake simu kwamba kuna mzigo wako, njoo uuchukue mwenyewe.

Keraryo alikuwa ameliweka juu ya meza bila kulifungua. Matrida akachana boksi kwa kisu chake cha kukatia nyuzi, akafunua karatasi ya kwanza, akafunua ya pili, halafu mikono ikabaki hewani.

Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, limeng'arishwa mpaka akauona uso wake mwenyewe ndani yake, umelala chali, unamtazama. Hapakuwa na mkwaruzo. Hapakuwa na jina la mtu lililochorwa kwa msumari. Katika miaka yake yote ya kupiga, Matrida hakuwa amewahi kushika gitaa ambalo halikuwa na jasho la mtu mwingine. Akajifuta viganja kwenye kitenge, akavifuta tena.

"Liguse basi, mama," Keraryo akasema. "Haling'ati."

"Niache kwanza. Wewe mtoto wako wa kwanza ulimrukia?"

Keraryo akamwacha. Alipoona imetosha akamwonyesha kichwani mwa gitaa. "Nyuzi mbili zimekatika njiani. Bora tubadilishe zote sita. Ninazo za aina tatu. Hii pakiti ni tisa, hii kumi, hii kumi na mbili. Hiyo namba ni ya uzi ule mwembamba kuliko wote, wenzake wanaufuata kwa unene."

"Kumi na mbili," Matrida akasema.

"Hujaniuliza tofauti."

"Nikuulize uzi? Mimi? Namba ikipanda uzi unanenepa, uzi ukinenepa unashika. Hiyo tisa si ya dagaa hiyo?"

"Mama, gitaa halivui."

"Nifungie kumi na mbili, baba, nina safari."

Hapo ndipo ujuzi ulipomponza, na mwalo mzima wa Musoma ungeponzeka pamoja naye. Kwetu uzi mwembamba ni wa mtu mwenye samaki wadogo au mfuko mdogo, na anayejiheshimu anataka mnene. Hakuna mvuvi aliyewahi kurudi dukani kulalamika kwamba uzi ulikuwa imara mno. Keraryo akafunga kama alivyoambiwa, na kutoka Bunda mpaka Kiabakari, na kutoka Kiabakari mpaka nyumbani, Matrida akalipakata gitaa lile mapajani kama mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali.

Mazoezi yalikuwa Buhare, hapohapo Musoma. Alipochomeka na kupiga mara ya kwanza, sauti ilitoka nzito, imejaa, ikazunguka ukuta wote ikarudi, na akina mama wa sauti ya pili waliokuwa wakisengenyana wakageuka kuangalia imetoka wapi. Nathanieli akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakaingia wimbo wa mchungaji. Waimbaji wakanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Matrida akabonyeza, akasukuma.

Uzi ukasogea kidogo, ukagoma, kama nanga iliyonasa kwenye mwamba. Akaongeza nguvu mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Sauti ikapanda robo ya njia, ikakaa hapohapo, ikafa.

"Mama Eunice," Gibson akasema kutoka kwenye gitaa la ridhimu, "hapo umemwita mbuzi, tena wa jirani."

"Nimemwita mbuzi, mbona umeitika wewe?"

Kwaya ikacheka, na Matrida akaonekana ameshinda. Lakini alikuwa amekifumba kidole kwenye kiganja. Uzi ulikuwa umekichimba mtaro. Zilibaki siku nne kabla ya Butiama.

Kesho yake alirudi Bunda. Keraryo hakumsema, na huo ni wema ambao yeye Matrida asingeuweza. Alilipokea gitaa, akalitazama kwa jicho moja kuanzia chini kama mtu anayepima ubao, akasema shingo nayo imeanza kuinama kwa kuvutwa. Akazitoa nyuzi zote. Akachukua uzi wa kwanza wa kumi na mbili na uzi wa kwanza wa tisa.

"Nimesikia wewe unajuaga uzi gizani. Funga macho."

Matrida akafumba. Akawekewa mmoja. "Huu ni ule wangu." Akawekewa wa pili. "Huu mwembamba."

"Mwembamba kwa kiasi gani?"

Akauviringisha kati ya vidole. Akaurudia ule wa kwanza. Akafumbua macho. Lilikuwa swali la kwanza la uzi kumshinda.

"Kidogo," akasema. "Kidogo ambacho sisi hatukiuzi."

"Inchi unaijua?"

"Wavu wa sangara tundu lake inchi sita, inchi saba. Usiniulize inchi."

"Haya. Chukua inchi moja, igawanye mara elfu."

"Mara ngapi?"

"Elfu. Uzi wako wa juzi ni vipande kumi na viwili vya hivyo. Huu ni tisa. Umeshindwa kwa sababu ya vipande vitatu."

Inchi ya Matrida huwa inakaa kwenye kidole gumba, kutoka kwenye kiungo mpaka ncha ya ukucha, na hapo ndipo alipoitazama. Akajaribu kuigawanya kwa macho: nusu, robo, nusu ya robo, akapotea. Miaka thelathini kitu kidogo kuliko vyote alivyopima kilikuwa tundu la wavu wa dagaa, na chini ya hapo kwake yalikuwa maji tu. Kumbe chini ya hapo watu walikuwa wameshuka, wameendelea kushuka, na kila ngazi wameipa namba, wametengeneza uzi wa kukaa kwenye ngazi hiyo na si nyingine, wamekosana na kupatana juu ya kipande kimoja cha elfu, na uzi huo umesafiri umefika Bunda ukiwa bado ni tisa.

"Nani alikaa akaigawanya?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Watu."

"Hawana mifugo ya kuwashughulisha hao."

Keraryo akafunga tisa, akainyoosha shingo ya gitaa kwa kijifunguo kidogo, akatyuni kila uzi mpaka kwenye sauti yake, akachomeka kwenye amplifaya iliyokuwa imeletwa kutengenezwa. Matrida akaweka kidole kile cha pete. Akasukuma kwa nguvu zake zilezile za Buhare, na uzi ukaenda, ukaenda, ukapita pale alipotaka, ukapanda mpaka mahali ambapo hakujua kama uzi unafika. Akauachia haraka kama umemuunguza.

"Ndio gitaa lilelile hili? Mahali palepale?"

"Palepale."

Akasukuma tena, safari hii taratibu, kwa nguvu za kumwamsha mtoto aliyelala. Sauti ikapanda ikakaa. Akalipa, akalifunga gitaa kwenye kitenge, akaondoka bila kuaga, na Keraryo baadaye alimwambia Eunice kwamba alidhani mama amekasirika.

Raha ilidumu mpaka asubuhi. Alipolichukua nyumbani lilikuwa limeshuka sauti lote. Akatyuni kwa simu, akapiga wimbo mmoja, likashuka. Akalipeleka dukani, akawa anauza huku anatyuni. Gibson akapita kununua uzi wa shemeji yake, akainama kutazama.

"Mama, hizi ni nyuzi au nywele? Zitakukatikia mbele ya watu. Na zisipokatika zitashuka katikati ya wimbo. Niachie mimi, hakuna atakayekucheka."

"Shika uzi wako uende. Shemeji yako anasubiri."

Alipokwenda, Matrida akatazama nyuma ya duka, pale ambapo huwa anafunga uzi mpya kati ya nguzo mbili na kuuning'inizia jiwe katikati. Uzi mpya haufungiwi nyavu siku hiyohiyo. Una ulegevu uliojificha ndani, na usipoutoa wewe nchi kavu, ziwa litautoa, na wavu wako utalala upande. Unauvuta, unaukaza, unauvuta tena, mpaka siku unapouvuta hauongezeki.

Jiwe hakulitundika kwenye gitaa, hana wazimu. Alikaa kwenye ndoo, akashika uzi wa sita, akaunyanyua kwa kidole kutoka kwenye mbao, akauvuta kwa kadiri mkono wake unavyojua uzi una uwezo gani kabla ya kukatika. Ukashuka. Akautyuni. Akauvuta tena. Ukashuka, lakini kidogo. Uzi kwa uzi, wateja wakisubiri na kunung'unika, mpaka akafika ule wa kwanza, ule wa vipande tisa, na huo aliuvuta pumzi ameibana. Mara ya sita aliuvuta na haukushuka hata nywele. Akapiga zote kwa pamoja. Zikasimama. Mteja mmoja akauliza, "Mama Nyavu, kwani leo tunauziwa nyimbo?" naye alikuwa amelaza shavu juu ya gitaa akisikiliza mlio unavyoishia ndani ya mbao.

Butiama walipangwa kuimba saa tano asubuhi, nje, uwanja wa kanisa umejaa mpaka kwenye uzio. Wimbo wa mchungaji ulikuwa wa tatu. Ulipokaribia katikati, Nathanieli alimtazama Matrida mara moja tu, kisha akainua mikono, na waimbaji wakanyamaza, ngoma ikanyamaza. Gibson akaondoa vidole kwenye nyuzi zake.

Akabonyeza. Kidole kilikuwa cha baridi na kilikuwa kigumu, hakikuwa kimebadilika. Akasukuma kwa nguvu ile ndogo ya kumwamsha mtoto. Sauti ikaanza chini, ikapanda, ikapita pale ilipofia Buhare, ikaendelea kupanda bila kukurupuka, na pale juu kabisa ikakaa, inatikisika kidogo kama sauti ya mtu aliyekimbia. Mzee mmoja aliyekuwa akiongea na simu kwenye uzio akaitoa sikioni.

Halafu kutoka nyuma mtu akapiga mluzi, si wa kushangilia, ule mrefu ambao mchungaji anamjibu nao mwenzake kwamba nimesikia, nawaleta. Mwingine akaitikia kutoka upande wa pili. Nathanieli mikono ilikuwa bado hewani. Alikuwa amesahau kuirudisha kwaya. Ikabidi Matrida aite tena. Akaita, kidole kikaenda tena, na safari hii miluzi ilikuwa mingi.

Kwenye gari la kurudi Nathanieli alikuja akakaa kiti cha mbele yake, akageuka.

"Mama Eunice, Jumapili tunaanza saa moja na nusu. Usichelewe kutyuni."

"Nilichelewaga lini?"

Lakini alilisema polepole, bila ukali wake. Gitaa lilikuwa mapajani, na kwa kidole kilichochoka alikuwa anaupapasa ule uzi wa kwanza, ambao kwa namna jua lilivyoingia dirishani haukuonekana kabisa.